Mshenga wa Umeme

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, kwa hiyo asije mtu akadai nimeisema yake. Na msomaji akiona mahali panafanana na kwao, lawama si yangu. Akawaulize wa kwao.

Katika nchi hiyo palikuwa na Wizara ya Nishati na Marafiki. Zamani zilikuwa wizara mbili. Mkuu wa Nchi akagundua kwamba kila nguzo ya umeme iliyosimamishwa ilikuja na balozi wa kuizindua, na kila balozi aliyeondoka kwa hasira aliondoka na mafuta ya jenereta. Akaziunganisha, akamkabidhi Mheshimiwa Lukelo Tumbwe, mtu mwenye sauti nzuri na mwili wa kujaza kiti. Mheshimiwa Tumbwe alipoulizwa bungeni kwa nini mji uko gizani, alijibu kwamba swali hilo ni la mambo ya nje. Alipoulizwa kwa nini nchi imegombana na nchi fulani, alijibu kwamba hilo ni suala la kiufundi na mafundi wako kazini.

Ili wananchi wayaelewe mambo haya mazito, ilianzishwa taasisi isiyotafuta faida iitwayo TANURU, yaani Taasisi ya Nishati na Urafiki. Herufi mbili za mwisho hazikusimamia neno lolote, ziliongezwa ili jina litamkike. TANURU haikuzalisha umeme wala haikuusambaza. Kazi yake ilikuwa kuhamasisha. Ilifundisha kwamba taa haiwashwi na waya, inawashwa na urafiki wa mataifa, na kwamba mzalendo wa kweli hasemi "umeme umekatika." Mzalendo husema "uhusiano umelegea."

Maneno hayo yalishika nchi nzima. Kinyozi alikuwa anamaliza upande mmoja wa kichwa cha mtu, mashine ikanyamaza, naye akamwambia mteja kwa upole, "Samahani kaka, uhusiano umelegea. Pita kesho tumalizie upande wa pili." Na mteja akavaa kofia, akaenda zake bila kinyongo.

Aliyeyatunga maneno hayo ni Bi. Somoe Mkadamu, mhamasishaji mkuu wa TANURU, na kisa hiki ni chake.

Bi. Somoe alikuwa mama wa makamo, mcheshi, mpenda chai ya maziwa na mpenda kusikilizwa. Kabla ya TANURU alikuwa mshenga. Kijana akitaka kuposa kwenye nyumba ambayo baba hacheki na mama hasahau, alimtuma Bi. Somoe, na Bi. Somoe hakurudi bila jibu. Mkurugenzi wa TANURU, Daktari Faraji Mbalamwezi, alimwona kwenye harusi moja ambapo upande wa bwana harusi uligoma kuingia ndani kwa sababu umepewa mikeka badala ya viti. Bi. Somoe alitoka nje, akawanong'oneza kwamba mikeka ile hukaliwa na wenye nyumba tu, na wageni ndio wanaopewa viti. Wakaingia wanatabasamu.

Daktari akamvuta pembeni. "Bi. Somoe, hebu niambie. Kati ya ndoa na mkataba wa nishati, tofauti ni nini?"

"Kwenye ndoa, Daktari, bibi harusi huulizwa kama ameridhia."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani kuifuta, kisha akamwajiri.

Kazi ilimpendeza. Alipewa ofisi, alipewa gari lenye kibendera, na katika mwaka wake wa kwanza alifanikisha posa kubwa kupita zote. Barafuni, nchi ya baridi na utajiri, ilikubali kuleta umeme wa kutosha nchi nzima. Nchi nayo ingetoa urafiki. Urafiki maana yake barabara kuu iitwe jina la mama mzazi wa rais wa Barafuni, jina ambalo hakuna aliyeweza kulitamka, hivyo makondakta wakaamua kuiita Barabara ya Mama Yake. Maana yake pia ilikuwa kwamba Barafuni ikimkasirikia mtu, nchi nayo imkasirikie. Hapo ndipo Wizara ilipofungua Kitengo cha Kununa, chenye maofisa waliosomea. Barafuni ikitoa tamko kali dhidi ya taifa lolote, maofisa hao waliketi mbele ya kamera na kufinya nyuso hadi jioni, na mishahara yao haikuwa haba.

Basi Bi. Somoe akapangiwa ziara ya kuhamasisha huko Mizongo.

Mizongo ni kijiji kilicho chini ya maporomoko makubwa ya maji. Juu ya maporomoko kuna mtambo wa umeme unaolindwa na askari, na kutoka kwenye mtambo ule hutoka nyaya nene zinazopita juu ya mapaa ya watu, zikishikana mkono nguzo kwa nguzo mpaka zinapotelea mlimani. Kijijini kwenyewe hapakuwa na taa hata moja. Bi. Somoe alipafahamu vizuri, kwa kuwa dada yake mkubwa, Siwema, alikuwa mkunga wa zahanati ya hapo.

Mkutano ulijaa, kwa sababu TANURU ilikuwa na desturi ya kugawa soda. Bi. Somoe alieleza kuhusu usalama wa nishati na udugu wa mataifa. Mwishoni mama mmoja muuza maandazi aliinua mkono.

"Mama, hizo nyaya zinazopita hapa juu zinakwenda wapi?"

Bi. Somoe alitazama juu. Hakuwahi kujiuliza. Akajibu kama alivyozoea, "Zinakwenda kwenye urafiki, mama."

Watu wakapiga makofi, soda zikafunguliwa.

Siwema hakupiga makofi. Alimshika mdogo wake mkono, akampeleka hadi wodini, chumba kimoja chenye vitanda vitatu na dirisha dogo kama la banda la kuku. Mchana ule ule ndani palikuwa na kiza cha jioni. Juu ya bati nyaya zilivuma kama mzinga wa nyuki.

"Unausikia huo urafiki wenu?" akasema Siwema. "Unapita juu ya bati langu kila siku ya Mungu. Haujateremka hata mara moja kusalimia."

"Dada, mambo haya ni mazito."

"Ni mazito, ndiyo. Juzi nimezalisha pacha hapa. Shangazi mtu alikuwa amenishikia simu inimulike. Nikampokea wa kwanza, simu ikaisha chaji. Wa pili nilimpokea kwa kupapasa. Alikuja amejizonga kitovu shingoni, Somoe, nikamfungua kwa vidole kama mtu anayetafuta sindano kwenye giza. Sasa nieleze wewe uliyesoma. Huyo naye uhusiano wake ulikuwa umelegea?"

Bi. Somoe alikumbuka maneno yake mwenyewe, yale yaliyobandikwa kwenye mabango nchi nzima. Akauliza tu, "Mtoto yuko wapi?"

"Mzima. Ameenda kwao. Lakini mimi sina hakika na anayefuata." Siwema akavuta kiti, akakaa. "Na wewe ni mshenga gani siku hizi? Mtu akija kuposa, si unamuuliza shamba lake liko wapi? Hao wanaokuja na umeme, umewauliza wanautoa wapi?"

Bi. Somoe alirudi mjini na swali hilo.

Alipofika tu akaitwa wizarani. Mheshimiwa Tumbwe alikuwa akitembea huku na huku, na hiyo haikuwa kawaida yake.

"Bi. Somoe, nina habari njema mbili. Ya kwanza, ujumbe wa Barafuni unakuja kutia saini mkataba wa umeme siku ya Alhamisi."

"Alhamdulillahi. Na ya pili?"

"Ujumbe wa Mchangani unakuja kutia saini siku ya Alhamisi."

Mchangani ilikuwa nchi ya joto na utajiri, na ilikuwa haisemezani na Barafuni. Bi. Somoe alishusha mkoba wake sakafuni taratibu. "Mheshimiwa, bibi harusi mmoja, mabwana harusi wawili?"

"Hiyo ndiyo sera yetu ya kutofungamana na upande wowote. Tunafungamana na pande zote." Kisha akapunguza sauti. "Waliniomba kwa wakati mmoja, wote kwa upole. Mimi sijui kukataa mtu anayeniita Mheshimiwa."

"Na wakijua?"

"Wakijua, Barafuni itazuia mafuta ya jenereta na Mchangani itazuia vipuri, hospitali kuu itazimika, na mimi nitarudi kufundisha jiografia." Akamtazama kwa macho ya kuomba. "Wewe hujawahi kuvunja harusi."

Hapo Bi. Somoe angeweza kumwambia akafundishe jiografia. Lakini alikuwa anawaza vitanda vitatu na dirisha la kuku. "Nitawakalisha," akasema. "Ila mheshimiwa, nitauliza maswali yote ya mshenga. Yote. Na usinikatize."

"Uliza," akasema waziri, ambaye hakuwa na njia nyingine.

Siku ya Alhamisi ukumbi ulipambwa vitambaa. Ujumbe wa Barafuni uliingia mlango wa mashariki, wa Mchangani mlango wa magharibi, na walipoonana katikati kila upande ukanuna. Kitengo cha Kununa kikapata mtihani ambao mafunzoni haukuwahi kutajwa, maana kilitakiwa kuinunia Mchangani kwa niaba ya Barafuni, na kuinunia Barafuni kwa niaba ya Mchangani. Mkuu wa kitengo aliamua wanune kwa zamu, wakigeuza shingo kila baada ya muda, na afisa mmoja akapelekwa nje ameshikwa na mshipa wa shingo.

Bi. Somoe alikuwa amemwalika pia balozi wa nchi jirani, Ng'ambo, kwa kuwa hakuna shughuli inayofanywa bila jirani. Balozi huyo, Bwana Rusoke, alikuwa mtu wa amani aliyependa sambusa, na alikaa nyuma karibu na sinia.

Daktari Mbalamwezi alifungua. "Usalama wa nishati," akasema, "ni nishati ya usalama. Na urafiki wa kweli ni ukweli wa urafiki." Akapigiwa makofi marefu, akakaa akiwa amechoka.

Bi. Somoe akasimama, akajitanda kanga vizuri, akawakaribisha. Akaanza na Barafuni. "Wageni wetu, mmekuja kuposa kwa heshima, na sisi tumewapokea kwa heshima. Kwetu mshenga huuliza. Huo umeme mtakaotuletea, mnautoa wapi? Maana kwenu ni mbali, na kuna bahari."

Mjumbe wa Barafuni akanong'onezana na wenzake. "Hatuutoi kwetu," akasema. "Tumenunua kutoka kampuni moja ya kuaminika." Akakohoa. "Ya Mchangani."

Ukumbi ukaguna. Waliokuwa wamenuna upande ule wakasahau kununa.

"Ahsante kwa ukweli," akasema Bi. Somoe. "Nanyi Mchangani, mnaotuletea umeme na kuwauzia wenzenu watuletee, ninyi mnautoa wapi?"

Mjumbe wa Mchangani alirekebisha kilemba chake. "Sisi tunaununua kwa jirani yenu. Ng'ambo."

Watu wote wakageuka kumtazama Bwana Rusoke, ambaye alikuwa ameinua sambusa nusu ya safari kwenda kinywani.

"Bwana Rusoke, jirani yangu mpendwa," akasema Bi. Somoe, ambaye sasa alikuwa ameanza kulijua jibu. "Ninyi mnautoa wapi?"

"Hapa," akasema Bwana Rusoke.

"Hapa wapi?"

"Hapa kwenu. Mizongo. Mlitupa miaka mingi iliyopita, kwenye Mkataba wa Ujirani Mwema." Akaitazama sambusa, akaona haya kuila. "Nilidhani mnajua. Kila sikukuu huwa tunawatumia salamu."

Mheshimiwa Tumbwe aliinuka. Bi. Somoe alidhani ataomba radhi. Hakumjua vizuri.

"Ndugu wajumbe," akasema kwa ile sauti yake nzuri, "leo ni siku ya fahari. Imethibitika kwamba umeme wetu unapendwa na mataifa yote yaliyopo hapa. Umeme wetu umesafiri kuliko raia wetu yeyote. Umevuka mipaka bila pasipoti. Nani mwingine kati yetu anaweza kusema hivyo?"

Makofi yakalia kutoka pande zote, hata za wageni, ambao walikuwa wanatafuta pa kutazama.

"Mheshimiwa," akasema Bi. Somoe makofi yalipotulia, "basi si tuushushe pale pale unapotoka? Waya upo juu ya bati la zahanati. Ni kuuteremsha tu."

"Sheria hairuhusu. Sheria ya Nishati na Marafiki inasema umeme wa Mizongo utolewe kwa marafiki peke yao."

"Na wananchi?"

"Mwananchi si rafiki, Bi. Somoe," akasema waziri kwa upole wa mwalimu. "Mwananchi ni ndugu. Na ndugu huvumilia."

Bi. Somoe katika ushenga wake alikuwa ameona mengi, baba wakali na kina mama wenye maneno, lakini hakuwahi kuona nyumba inayowapa wageni chakula cha watoto na kisha kukiposa kirudi jikoni. Neno kali lilimfika mdomoni. Akalimeza, kwa sababu mshenga anayegomba hurudi mikono mitupu, na badala yake akauliza taratibu, "Mheshimiwa, rafiki anatambulikaje?"

"Rafiki ana balozi. Balozi huleta hati, namtandikia zulia jekundu, bendi inapiga, tunapigwa picha."

"Basi mimi leo nimetumwa na Mizongo. Mizongo imekuja kuposa. Inaomba urafiki na nchi yako, na italeta balozi."

Daktari Mbalamwezi akafunika uso. Lakini Mheshimiwa Tumbwe hakucheka. Alipenda kupokea mabalozi kuliko kula, na mwaka ule alikuwa hajampokea hata mmoja mpya. Akaliangalia zulia. Akaiangalia bendi, iliyokuwa imelipwa tayari.

Wakati bado anafikiri, mjumbe wa Barafuni alimwona mjumbe wa Mchangani anamwita katibu wake. Hakujua Mizongo ni nini, lakini hakutaka Mchangani iwahi. Akasimama upesi na kutangaza kwamba Barafuni inaitambua Mizongo. Mchangani nayo ikasimama ikasema imekuwa ikiitambua tangu zamani. Baada ya hapo waziri hakuwa na sababu ya kukataa.

Siwema, aliyechaguliwa kuwa balozi wa Mizongo, alifika kutoa hati zake akiwa na sare ya ukunga, maana alitoka zamu na alikuwa anarudi zamu. Mizongo haikuwa na wimbo wa taifa, kwa hiyo wanawake waliomsindikiza wakapiga vigelegele vya mtoto aliyezaliwa, na bendi ikavifuata kwa tarumbeta kadiri ilivyoweza. Waziri aliinama. Siwema akampa mkono, akamtazama viatu, akasema, "Fundi anakuja lini?"

Fundi alikuja wiki ile ile, kwa kuwa misaada kwa nchi rafiki haicheleweshwi. Ubalozi ukawekwa kwenye zahanati, jengo pekee lenye kibao. Fundi akapanda nguzo, akafunga kifaa chake cha kupunguza nguvu, akateremsha waya, na taa ikawaka juu ya kitanda cha kwanza. Siwema aliitazama. Akaizima. Akaiwasha tena. Kisha akampa mgongo mdogo wake, akajifanya anapanga mashuka, na Bi. Somoe akatoka nje kumwachia nafasi.

Habari zikaenea. Kijiji cha pili kikapeleka balozi, fundi cherehani. Kata za jirani zikafuata, kisha wilaya zikaanza kugombana na wilaya ni ipi rafiki wa karibu zaidi. Bi. Somoe alipeleka posa zote, na hakuna iliyorudi. Mheshimiwa Tumbwe alipokea mabalozi asubuhi na alasiri mpaka zulia likachakaa, na hotuba zake zikataja kwa fahari kwamba hakuna nchi duniani yenye marafiki wengi wa karibu kiasi hicho; wengine angeweza kuwafikia kwa miguu. Daktari Mbalamwezi alihamishia makao makuu ya TANURU ugenini, yaani nyuma ya soko, kwenye feni.

Mwisho nchi nzima ikawaka isipokuwa mtaa wa Wizara. Wizara haikuweza kuwa rafiki yake yenyewe. Walitafuta kifungu cha kuruhusu jambo hilo, hawakukipata.

Ndiyo maana mchana mmoja Mheshimiwa Tumbwe akaonekana Mizongo, amevaa tai, simu imezimika mkononi, na jioni alikuwa na mahojiano ya redio kwa simu hiyo hiyo. Mlinzi wa ubalozi alimuuliza shughuli yake, akajibu kwamba amekuja kuchaji simu, akaruhusiwa. Akakaa kwenye benchi la wodini karibu na soketi, kati ya mama mwenye mimba ya miezi minane na Bi. Somoe aliyekuja kumtembelea dada yake. Hakuna aliyemsumbua. Taa ilikuwa inawaka na feni inazunguka, naye akafumba macho kwa raha.

Nyuma ya pazia mtoto akalia. Baada ya muda Siwema alitoka na furushi la kanga, akatazama huku na huku, akamwekea waziri mikononi. "Nishikie kidogo. Bibi yake kaenda kuchota maji."

Mheshimiwa Tumbwe alimtazama yule mtoto, mwekundu, amekunja ngumi. Hakuwahi kushika kitu kipya namna ile. Akasafisha koo, kama alivyozoea mbele ya mtu yeyote asiyeweza kuondoka. "Mwananchi mwenzangu," akaanza, "serikali yako inakukaribisha, na inakuomba uvumilivu..."

"Si mwananchi wako huyo," akasema Siwema, akiosha mikono. "Kazaliwa ubalozini."

Bi. Somoe akaweka upindo wa kanga mdomoni. Waziri akatazama taa, akamtazama mtoto, kisha akaketi wima, akamwinua kidogo ili wawe sawa kwa macho.

"Mtukufu," akasema, na safari hii kwa sauti ya chini, "nchi yangu inaomba urafiki."

Mtoto alipiga mwayo, akaishika ile tai, akalala nayo.

Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba Waziri wa Nishati na Marafiki amefanya mazungumzo ya ngazi ya juu ugenini, kwamba mazungumzo yalikuwa ya wazi na ya kirafiki, na kwamba upande wa pili haukupinga hoja hata moja.